Kutoka Sifuri Hadi Mia

Nesi Nanyori hupiga kila baada ya miezi sita,
sauti yake imepigwa pasi, haina kunyanzi:
"Kutoka sifuri hadi mia, mama,
afya yako leo ni ngapi?"

Nami nipo barazani pa duka la vitambaa, Moshi mjini,
pini mdomoni, futi shingoni,
na chini ya futi, kovu
ambalo wateja hulitazama, kisha huutazama mlima
kana kwamba ndiyo kwanza umevuliwa mawingu.

Subiri kidogo, nesi, niteme pini.

Uliza kwanza juu ya ngazi, kama kawaida yako.
Ngazi hatuna. Tuna kilima cha Uru.
Nakipanda kwa vituo vitatu:
dukani kwa Mangi ninunue kiberiti nisichokihitaji,
penye mfereji nijifanye nanawa,
na pale kwenye migomba ya Kirita
nasimama tu, sina tena kisingizio.
Nyumbani nina viberiti arobaini.

Siku tisa damu yangu haikukaa kwangu.
Walinieleza baadaye: ilitokea pajani,
ikapita mpirani, ikaingia mashineni
nyeusi kama zambarau mbivu,
ikapewa hewa, ikarudi shingoni nyekundu.
Moyo ulikuwa umepewa likizo, mapafu nayo.
Mama, aliyezaliwa kando ya mfereji,
ndiye pekee ambaye hakushangaa.
"Banio likibomoka maji huchepushwa," alisema,
"yapite kwingine watu wakijenga.
Kinachotakiwa ni mtu wa kukesha."
Basi walikesha. Majina yao siyajui.

Sikuona mwanga, nesi. Kanisani wananiomba ushuhuda
na wananiona mchoyo.
Niliota mtu anashona usiku kucha,
cherehani ya miguu, taratibu,
bila kukata uzi.

Andika usingizi: wangu mzuri, wa Eliaichi mbaya.
Saa nane za usiku huweka kiganja chini ya pua yangu.
Mimi hujifanya nimelala, nampumulia.

Andika vidole viwili vya mguu wa kushoto: havipo.
Pedeli nimejifunza kuikanyaga kwa kisigino.
Andika kwamba juzi nilisahau neno "kifungo",
fundi mzima, nikamwonyesha mteja kwenye shati lake.
Andika ng'ombe wawili, na michango ya ukoo
iliyo kwenye daftari la shemeji;
hakuna anayedai, na hakuna aliyesahau.
Andika Aikande, waliyemtoa tumboni nikiwa sipo,
aliyemwita dada yangu "mama" mwaka mzima.
Siku aliponiita mimi, alikosea;
alikuwa anamwita yule, nyuma yangu, mlangoni.
Niliitika hata hivyo.

Fomu yako haina mahali pa hayo?

Najua vipimo, nesi, ndiyo kazi yangu.
Nimepima mabibi harusi wakivuta tumbo ndani,
nikaandika inchi walizotaka,
nikakata kwa inchi walizo nazo.
Na ndani ya kila mshono huacha akiba,
vidole viwili vya kitambaa visivyoonekana,
maana mwili haukai ulivyopimwa.

"Mama? Bado upo?"

Nipo. Leo asubuhi nimeamka na hasira,
mtu kazidisha chumvi kwenye mtori,
nikagombana nao wote hadi pumzi ikakatika,
nikakaa, ikarudi,
nikaendelea kugomba.

Andika sitini na tano.
La, subiri.
Mlima umejifunika tena, mteja kanigeukia,
nina pini za kurudisha mdomoni.
Andika sitini na tano,
kwa penseli.