Pembe ya Nje

Masika alichora juu ya ubao wa chukudu
kabla sijaupiga randa,
kwa chaki aliyoificha mfukoni tangu shule.
Pembetatu. Kisha akauvuta mstari wa chini
ukapita kona, ukatoka nje,
kama boriti niliyosahau kuikata.

"Baba, hii ya nje ni nyuzi ngapi?"
Nikatafuta kipimapembe changu cha bati. Akacheka.
"Hupimi. Jumlisha zile mbili za mbali:
arobaini na nane, sitini na saba.
Hii iliyo jirani yake, iache."

Iache? Jirani wa ukuta mmoja?
Nikapima hata hivyo. Mimi seremala,
siamini mbao kwa maneno.
Mia na kumi na tano.
Jirani naye ana sitini na tano zake;
wawili hao wanagawana mstari ulionyooka,
hawadaiani kitu.

Usiku, Majengo hakuna umeme.
Nimekaa nje juu ya jiwe jeusi la volkeno,
mlango u wazi nyuma yangu.
Kambere yuko Butembo.
Muhindo yuko Kampala,
hapigi simu ila mwezi ukiandama.
Mama Masika anauliza kutoka ndani:
"Unawaza nini hapo nje, mzito hivyo?"

Nilitaka kumwambia hesabu yake.
Nikasema tu, chukudu ya yule wa Kibumba
lazima iishe kesho,
viazi havisubiri.

Ubao ule nimeupiga randa upande mmoja.
Upande wa chaki nimeuacha.