Dirisha, Vidole Vinne

Barua ya kwanza ilisema: kaa ndani.
Ya pili ilisema: endelea kukaa.
Ya tatu, Jumanne moja, imebanana na bili ya maji,
ikasema sasa waweza kutoka, kwa uangalifu, asante.
Nikaiinua kwenye taa ya jikoni
nione kama kirusi nacho kimetia sahihi.

Hapa Coventry, barabara ya Foleshill,
watu wamerudi kwenye foleni ya sambusa.
Vinyozi wamefungua. Wavulana wanacheka midomo wazi kama zamani,
nami nawapenda kwa kicheko hicho
na nawaogopa kwa kicheko hichohicho,
nyuma ya kioo, chai yangu imeshaota ngozi.

Ndani yangu mna figo la dada yangu Mwanasha.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu nilimpa jembe siku ya kwanza,
akaanza kazi kabla sijafumbua macho,
na bado walinzi wa mwili wangu wanamdai pasipoti.
Basi nawalevya kwa vidonge,
saa mbili asubuhi, saa mbili usiku,
wasinzie, wamwache.
Nao wakisinzia
mlango hauna bawabu.

Mume wangu Mbarak anaendesha basi.
Akirudi huvua nguo mlangoni, juu ya gazeti,
akapanda kuoga bila kunitazama, kama mtu aliyeiba.
Mwaka mzima tulilala vyumba viwili
tukigonga ukuta. Mara moja: upo?
Mara mbili: nipo.
Fomu ya hospitali iliuliza hali ya nyumbani.
Niliandika: nzuri.

Pale duka la dawa mzee mmoja alisema, si kwangu, kwa hewa,
wagonjwa wabaki kwao, sisi tuishi.
Kwetu nimezoea kuulizwa.
Huku kwingine kulikuwa kupya.
Lakini Doreen wa nyumba ya pili
aliponiletea mkate wake wa ndizi
alikuwa amevaa barakoa, upande mmoja umelegea sikioni.
Hakuhubiri. Alivaa tu.
Niliufunga mlango nikalia juu ya mkate ungali moto.

Kufa nimeshakuzoea kukufikiria.
Nisichokizoea ni kuwa kufuli.
Raya haogelei, kwa ajili ya mama.
Raya anakula peke yake karibu na mlango wa darasa, kwa ajili ya mama.
Juzi nilimsikia kwenye simu na Keziah,
anayetimiza miaka minane, sherehe bwawani:
"Siwezi. Kwetu kuna figo."
Hakusema kuna mama.

Usiku ule nikagonga ukuta mara tatu.
Mbarak akaja, akasimama kizingitini.
Mwache aende, nikasema.
Na wewe?
Mimi ndiye ninayesema.
Tukapiga hesabu kama wenye duka usiku wa kufunga mwaka.
Bwawa: dari refu, sawa.
Chumba cha keki: hapana, keki ale nje.
Gari la mama yake Keziah: vioo viteremshwe.
Kipimo siku ya tatu, kingine ya tano.
Kumkumbatia akirudi
hapo kalamu ikasimama
na hakuna kati yetu aliyeisukuma.

Jumamosi alirudi nywele zimelowa,
ananuka klorini na sukari.
Akakaa ncha ile ya kochi, mimi ncha hii,
dirisha wazi vidole vinne,
Februari yote inaingia bila hodi,
sote tumevaa makoti sebuleni kwetu wenyewe.
Akasimulia alivyoruka, alivyogusa chini,
alivyokaa huko akihesabu mpaka kumi na moja
kwa sababu huko chini, mama, hakuna anayepumua,
wote ni sawa.

Kisha akanyoosha mguu, soksi yenye tundu,
kidole gumba kikaja kikagusa wangu.
"Hii inahesabiwa?"

Nikamwambia sijui.
Sikuuondoa mguu.