Dada wa Pili

Nilikinunua Luthuli, kwenye gunia lililotandazwa kando ya redio kuukuu,
shilingi hamsini, jalada limeliwa na mvua,
kurasa kumi na mbili za mwanzo hazipo.
Chukua, akasema muuzaji, ni hadithi ya Wayunani wa kale
iliyoandikwa upya na mtu wa juzi.
Nikamwuliza, mwanzo uko wapi?
Akacheka. Mama, mwanzo kila mtu anaujua.

Na kweli niliujua.
Tuliuigiza kidato cha tatu, mimi mlinzi, mkuki wangu mpini wa ufagio.
Mfalme ametoa amri: huyu azikwe, yule aachwe nje, ndege wamle.
Msichana anachota vumbi kwa viganja,
anamfunika kaka yake, anakamatwa, anakufa.
Lakini palikuwa na dada mwingine,
yule aliyesema, tuwe waangalifu,
akapewa maneno machache, kisha akasahaulika jukwaani
kama kiti.

Kitabu hiki kilikuwa chake.
Kurasa mia tatu na arobaini, toa kumi na mbili.

Nilikisomea kwenye benchi la chuma, mbele ya dirisha la malipo,
hospitali moja upande wa Parklands.
Musembi yuko chini, siku ya kumi na tisa,
na kila siku ubaridi una bei yake.
Laki nne, elfu sabini na tatu.
Mfalme wetu hakuwa na taji. Alikuwa na tai ya buluu
na sauti ya upole:
Mfumo haukubali, mama. Mfumo.

Kavutha, mdogo wangu, hakuwa na subira na mfumo.
Alikuja na udongo wa Kathonzweni ndani ya pakiti ya unga,
akaurusha kwenye mlango wa chumba cha maiti
akiliita jina la kaka yetu, mpaka askari wakamshika,
mpaka simu zikainuliwa juu,
mpaka usiku huo watu tusiowajua wakaujua uso wake.
Mimi nilibaki kwenye benchi.
Nilishika kiatu chake kimoja.

Watu wa foleni, wasioingia wala kuondoka,
walimsikiliza fundi wa kuchomea vyuma, mzaliwa wa Pate,
akitunga papo hapo, faili ya mama yake kwapani:

Maiti haina deni, deni ni la walo hai,
Mnamfunga jelani, naye tena hakatai,
Barafu ya kabatini, yauzwa kushinda chai,
Mpeni mama mwanawe, mengine hesabu kesho.

Wakapiga makofi. Dirisha likafungwa.

Usiku ule nilifika ukurasa wa mia mbili na sita,
pale mwandishi anapompa dada wa pili kisu kidogo,
anampa mpenzi, anampa meli,
anampa hasira yenye maneno yanayometameta.
Nikakifunga kwa kishindo. Huyu si sisi.
Sisi hatutoki kwa meli.
Sisi tunatoka saa tisa usiku,
hati ya shamba la ekari mbili imefichwa ndani ya leso,
tunatia saini hapa, na hapa, na hapa tena,
kisha tunaomba nakala.

Tulimzika Jumamosi.
Nilipokaribia kaburi Kavutha akahamia upande wa pili.
Baadaye, akinawa mikono, bila kunitazama:
Umeuza udongo, dada, ili upate udongo.
Sikumjibu.
Huenda ni kweli. Huenda mwandishi angenipa jibu,
refu, la kurasa nzima, na mvua ikinyesha nyuma yake.

Kitabu kiko juu ya friji, chumbani kwangu Ngara.
Mwisho sijausoma.
Pale kurasa zilipochanika nimebandika risiti,
nakala ya rangi ya waridi, wino umeanza kufifia:
jina la marehemu, jina la mdhamini,
saini iliyotetemeka kwenye herufi ya tatu.

Siku Kavutha akija, akikifungua,
aanzie hapo.