Goti la Kushoto, Wiki ya Sita

Kila Alhamisi baada ya Isha simu inatetemeka
juu ya busati, kando ya birika la kahawa,
na Ruqaiya, mjukuu wangu, anaacha hesabu zake aje kunisomea.
Fomu ni ya Kiarabu, na Kiingereza kwa wageni.
Kiswahili hakimo.
Mtoto anasoma kule, ananigeuzia huku,
kidole kimesimama hewani kama kalamu ya kadhi.

"Bibi, siku saba zilizopita, maumivu ya goti,
kutoka sifuri hadi kumi?"

Maumivu yapi?
Asubuhi linavuta.
Kwenye ngazi linakeketa, panya na gunia.
Kiyoyozi kikilipiga, linawanga.
Usiku linapwita, pwi, pwi,
kama moyo uliopotea njia ukateremkia mguuni.
Yale ya kuchonyota sihesabu,
hayo ni ya chale za Zuwena.

"Namba moja tu, Bibi."

Zuwena anauza ubani na barakoa hapa Ibra,
soko la wanawake, Jumatano.
Akifunga biashara huja na vikombe vyake,
vya plastiki siku hizi, vipya, ndani ya karatasi;
mamaye alitumia pembe.
Utafiti umemwandika: yeye chuku,
kijana wa Kerala mazoezi, daktari vidonge,
na wote watatu wananiuliza, vipi, nafuu?
Nawajibu alhamdulillahi.
Haya, alhamdulillahi ni namba ngapi?

Ruqaiya akacheka. Kisha akaacha.

Maana wiki ya kwanza nilisema nane.
Ya pili saba, sita, sita, tano,
nikishuka kwa adabu, kama mtu anayeaga ukweni.
Ningefanyaje? Jirani yangu miaka thelathini,
niseme nane tena, si nimemwita mwongo?
Yeye anapiga chuku gotini,
mimi napiga chuku kwenye fomu.

"Lakini Bibi, Zuwena haioni hii.
Jina lako halimo. Wewe ni mia na kumi na nne."

Idadi ya sura za msahafu.
Nikanyamaza.
Turudi nyuma tusahihishe, nikamwambia.
"Hairudi. Ikishatumwa imekwenda.
Ila ya leo bado."

Ya leo, basi, saba.
Na pale chini, penye kisanduku cha lolote jingine, andika:
vikombe havijaondoa kitu.
Ila saa ile Zuwena anapoliinamia goti
akinihadithia nani kaposwa, nani kakataa,
silisikii kabisa, mpaka aondoke.
Hiyo nayo itafutieni namba.
Na andikeni kuwa usiku linawanga.

Akaandika, akakwama.
Kuwanga hakukupata Kiarabu chake.
Akaliacha neno lilivyo, kwa herufi za kwetu,
akabonyeza.

Jumapili, huko Maskati, atakayelifungua
amuulize mamaye.