Hodi, Wenye Jimu

Tabibu alishasema, "Sukari yako yapanda,
punguza tui na wali, na mwili upate kwenda."
Mimi mpika shughuli, na wali unanipenda!
Akaiandika jimu, kama vidonge, chetini.

Iko Wete, ghorofani, juu ya duka la bati,
saa nne hadi saba ni zetu sisi banati.
Mwalimu Shumbana Faki, mwembamba kama kijiti;
nikajiuliza: huyu atanifundisha nini?

Nilifika Jumatatu, mlangoni nikasita,
ndani vyuma vinalia, vyagongana kama vita,
kioo ukuta wote, nami humo najikuta:
dera langu, kanga mbili, na viatu vya sokoni.

Nirudi? Ngazi ni ndefu, na magoti yashachoka.
Niingie kama mwizi? Mamangu angeudhika.
Mdomo bila shauri wenyewe ukafunguka:
"Hodi hodi, wenye jimu! Nimekuja, mpo ndani?"

Vyuma vyote vikakoma, feni tu iliyovuma,
shingo kumi zikapinda, macho yakanitazama,
nikaomba lile zege lipasuke nikazama;
kisha sauti pembeni: "Karibu, karibu ndani."

Na wa pili, na wa tatu, karibu zikajazana,
"Kwenu?" "Kwema." "Na watoto?" "Tunashukuru Rabana,"
hadi nikasahau kioo kinaniona.
Hodi ikiitikiwa, ugeni wako wa nini?

Ila adabu ya chuma si adabu ya ukumbi.
Nikavua visahani upande huu, siombi
rai; kwengine kuzito, chuma kikarusha vumbi,
kishindo hadi dukani, bati zikalia chini.

Hakuna aliyecheka. "Pole!" zikanifikia:
"Pole!" ya mwenye mkeka, "Pole!" ya anokimbia,
kukimbia asifike, mkanda wamrudia.
Shumbana akainama, akasema kwa makini:

"Ukivua, vua kote. Ukitumia, rejesha.
Na jasho lako la benchi, futa hadi kukausha.
Mashine ina mwenyewe? 'Bado ngapi?' inatosha.
Mwenzio akikosea, umwambie sikioni.

"Jicho nalo lina kwao, usipime cha mwenzio;
yule naye wa sitini alianza na kilio.
Usijitukane bure mbele ya hicho kioo.
Mimi, siku yangu ile, nilijificha chooni."

Nikasema: kumbe hivyo! Haya yote nayajua.
Mbuzi ya nazi ya watu, machicha utabandua;
sufuria la shughuli, wawili hulinyanyua:
"Tayari?" "Bismillahi!" Taratibu hadi chini.

Nikajilaza benchini, Shumbana kasimamia,
chuma tupu, bila kitu, mkono wanililia;
moja, mbili, hadi sita, ya saba yanikimbia:
kidole chake kimoja kikaipaza hewani.

Usiku nikaumia, kuvua dera taabu.
Hafidhi akanicheka: "Bibi katiwa adabu!"
Nikatafuta la jibu, sikuliona karibu,
maana adabu kweli imenikaa mwilini.

Wiki hii Nuswaiba kitini kawa na simu,
mazoezi ya kidole, mwili haujui zamu.
Zamani ningenyamaza, ndani nikameza sumu;
leo nikasogelea: "Bado ngapi, au nini?"

Akaruka, "Toba! Toba! Samahani, sikuona!"
Kiti akanifutia, kukawa kusemezana.
Ana harusi Shabani, mpishi wamekosana:
nikaipata shughuli nikiwa nimo jashoni!

Sikukonda. Dera langu bado lanijua vile.
Sukari nayo yashuka, kwa kusita, polepole.
Kioo tumepatana, namwamkia na yule:
"Waambaje, Mize Kombo?" "Nipo, mwenzangu, kazini."

Jana nikipanga vyuma, nikasikia ukwezi:
ahema, apumzika, ahesabu zile ngazi;
kivuli kikasimama, kuingia hakiwezi.
Hata hodi sikungoja: "Karibu, karibu ndani!"