Ramani Nyuma ya Bili ya Umeme

Tulipogawana, Emrys alichukua mashua.
Mimi nikapata mbwa, birika,
na fito mbili za kuvulia, mmoja roda yake imekufa.
Wakili akauliza, Umeridhika?
Nikasema ndiyo, kama mtu aliyepewa hatamu bila farasi.

Miaka kumi na tisa nilivua ubavuni mwake.
Yeye alijua pa kusimama, mimi nilijua chai.
Sasa niko Porth Eiddew, miguu juu ya kokoto,
bahari yote mbele yangu,
wala sijui samaki anaishi nyumba namba ngapi.

Nikaanza gatini, kwa kuwa gati lina taa na choo.
Jumamosi. Watu bega kwa bega kama nguo kambani.
Mshipi wangu ukaoana na wa mtoto kutoka Caergybi,
wa mtoto ukaoana na wa mjomba wake,
tukafungua mafundo mpaka maji yakatoroka.
Nilirudi nyumbani na chubwi lisilo langu.

Nikajaribu nyuma ya duka la chipsi:
shakwa wakala chambo kabla hakijalowa.
Nikajaribu ukutani, penye kibao kilichofutika.
Kumbe kilikuwa kimeandikwa MARUFUKU.

Lowri auzaye minyoo ya mchangani kwa kikombe,
miaka kumi na saba, kishaufu puani,
akanitazama nikihesabu sarafu.
"Unatafuta mahali wakati maji yamejaa?
Hapo mlango umefungwa, mama. Nenda wakati wenyewe hawapo.
Alhamisi ni bamvua. Ufito uache nyumbani."

Nani huenda kuvua bila ufito?
Nilikwenda. Buti za mpira, penseli ya jikoni,
na karatasi ya kwanza iliyoguswa na mkono: bili ya umeme.

Siku hiyo sikuvua mimi. Bahari ndiyo iliyovua:
ilivua shuka lake la kijivu, ikalitupa kule kwenye upeo,
ikalala wazi na makovu yake yote.
Nikaona mfereji, mrefu kama mabasi mawili,
kati ya majabali yenye ndevu za mwani.
Kome weusi, wameshonana.
Kaa aliyevua gamba jana, laini kama sikio.
Vijirundo vya mchanga, na chini ya kila kirundo mnyoo.
Meza imeandaliwa, wageni wametoka kidogo.

Nikachora. Bomba lenye kutu, mstari mmoja
na dohani la kanisa dogo.
Hatua thelathini na mbili kutoka ngazi ya tatu.
X.
Nikachora na njia ya kurudi,
maana maji ya huku hayapigi hodi:
yalikuja kwa nyuma, kimya, mbwa ndiye aliyebweka.
Nikaandika kwa herufi kubwa, TOKA KABLA YA SAA KUMI NA MBILI.

Kesho yake mchana, bati moja la kijivu.
Wapita njia waliona bahari. Mimi niliona mfereji.
Emrys angekwenda mbali, kila mara mbali.
Nikarusha hatua ishirini tu, kwa aibu kidogo,
hata mbwa akatazama kwingine.

Saa nzima, kimya. Ile mvua nyembamba
isiyonyesha wala kuacha.
Nje kule mashua nyeupe ilizunguka, ikitafuta.
Sikujua kama ni yake. Nilikuwa na kazi.

Ncha ya ufito ikaitikia. Haikuvutwa, iliitikia,
kama mtu anayesimuliwa jambo refu.
Gayogayo, bapa, sawa na kiganja changu,
macho mawili upande mmoja,
akanitazama kwa yote mawili.
Mdogo mno. Nikamrudisha.
Mikono ilinuka hadi Jumapili, na sikujitahidi kunawa.

Bili? Kampuni imeniandikia mara mbili,
ya pili kwa wino mwekundu.
Namba ya akaunti iko upande wa pili wa X,
na kila nikiigeuza nipate kuinakili
naona mfereji niliuchora mfupi,
na jabali la kushoto halijakaa sawa.
Bamvua nyingine ni wiki ijayo.