Mstari wa Tatu

Fomu yetu ina mistari kumi na minne.
Wa kwanza: jina la mbwa.
Wa pili: rangi, na alama zozote.
Wa tatu: mmiliki.
Hapo ndipo kalamu za watu wa Punta Arenas huganda,
wala si kwa baridi ya Agosti,
maana dirishani pangu pana jiko la gesi,
linakohoa, lakini linawaka.

Leo kaletwa dume, kahawia, sikio moja limetafunwa.
Gari la manispaa limemkuta njia panda ya shule
kajilaza katikati ya lami kama mlipa kodi.
Hana kola. Nikampitishia kifaa shingoni,
mara mbili, mara tatu:
kimya. Hana chipu.
Kisheria huyu ni mbwa koko,
ana siku saba za kumngoja mwenyewe,
kisha anatafutiwa mwingine.
Namba 212, banda la nne, blanketi moja,
wali na mabaki ya kuku.
Akala, akalamba bakuli, akanitazama
kama anayeuliza: na chai?

Saa nne simu ikalia. Yerko wa buchani:
"Waziri yuko hapo kwenu?"
Saa nne na robo, mwalimu Eduvigis:
watoto wa darasa la pili wanamlilia Nukta.
Kwa waoka mikate ni Kiporo.
Kwenye kituo cha teksi ni Bosi.
Watawa wanamwita Lazaro,
na sikuuliza alifufuka lini.

Kila mmoja nikamuuliza: ni wako?
Wangu? Hapana. Wa mtaa.

Wa mtaa.
Na chanjo, nani alimpeleka?
Na ile mizigo anayoiacha mlangoni pa duka la dawa,
nani huinama na mfuko?
Machi alipomng'ata tarishi kifundo cha mguu,
nyuzi tano, nani alilipa?
Ndani ya simu nikasikia upepo tu.
Cha wote kina walishaji wengi.
Mwenye kukifagilia hana.

Saa kumi mlango ukafunguka kwa nguvu, ukaleta theluji
na mzee Nolberto Barría, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha sufu,
kaja akishikilia zile kamba wanazofunga mitaani
ili upepo usitubebe.
Akavua kofia.
"Miwani nimeisahau. Nisomee."

Nikamsomea.
Nje ya geti, mbwa awe na kamba.
"Ndiyo."
Uzio usiwe na tundu.
"Lipo moja. Nitaliziba Jumamosi."
Asifungwe mnyororo kutwa nzima.
"Mimi mwenyewe nilifungwa kiwandani miaka thelathini na mmoja. Endelea."
Chanjo ya kichaa kila mwaka. Ahasiwe.
Hapo akakuna shingo, akamtazama mbwa,
akaona haya kwa niaba yake.
"Sawa."
Maji safi, yasiyoganda.
"Atakunywa jikoni."
Faini ya kuzurura, na gharama ya chipu.
Akatoa kopo la kahawa, akalimimina mezani.
Tulihesabu sarafu hadi jiko likazimika,
nikaliwasha, tukaanza upya.

Kisha mstari wa tatu.
Aliandika polepole, herufi moja moja,
kama mtu anayegongelea misumari.

Nikamvika mbwa kola, nikampa mzee kamba.
Mbwa hakuwahi kushikwa. Akagoma,
miguu minne imechimba sakafu.
Mzee naye hakuwahi kushika.
Wakasimama mlangoni, kamba imetepeta baina yao,
kila mmoja akimngoja mwenziwe aongoze.

"Mzee, mstari wa kwanza umeuacha wazi. Jina."
"Sikuwahi kumwita," akasema. "Huja mwenyewe."
Nikamtajia majina yote ya mtaa.
Mbwa hakugeuka hata kwa moja.
"Kesho," akasema Nolberto. "Jina si kitu cha kukurupukia."

Kanuni inasema fomu pungufu isipokelewe.
Nimeipiga muhuri.
Naitazama sasa, wino haujakauka vizuri:
mmiliki yupo, anwani ipo, sahihi ipo,
na juu kabisa, mahali pa jina,
pameingia tone la theluji iliyoyeyuka
kutoka ukosi wa koti lake.